Picha ya Nyumba Isiyo na Mtu

Wapatanishi wa kijiji chetu walipopewa picha ya nyumba ya Maman Riziki, kila mmoja aliitazama mbele, kisha akaigeuza kuona kama mtu yuko upande wa pili. Hakuwepo. Mbele kulikuwa na ua jekundu la kana, kipepeo mweusi juu ya ua, na nyuma yao ukuta wa matofali, mlango uliofungwa na paa la vigae. Upande wa pili ulikuwa mweupe tu. Picha hiyo aliipiga mama yangu, ambaye namwita Maman tu, na ndiyo ushahidi pekee ambao Maman Riziki alikuwa nao kwamba nyumba anayolala ni yake.

Nimeirudia wiki hii kwa sababu ninahamisha picha za Maman kutoka kwenye kadi za kamera yake ya zamani kwenda kwenye simu. Mfuko wa kamera bado unanuka famasi. Kwa miaka yote ya utoto wangu Maman aliuza dawa katika famasi ndogo ya Kamembe, akishuka asubuhi kwa moto, pikipiki ya abiria, kutoka Mururu na kurudi jioni na harufu ile kwenye nguo, kwenye nywele, kwenye mkate aliotuletea. Kamera aliinunua Bukavu ikiwa imeshatumika, karibu na mtaa tulikozaliwa sisi sote kabla ya wazazi kurudi upande huu wa mto unaotutenga na Kongo. Haikuwa kamera ya kazi. Aliinunua kwa sababu aliitaka.

Alikuwa na utaratibu wake. Jumapili, baada ya misa, tulibadilisha nguo, tukala, kisha tukatoka. Alianza na maua yaliyokuwa kivulini, kwa sababu alisema jua kali linayafuta rangi. Vipepeo walifuata, na kwa hao ilibidi tunyamaze na kusimama bila kutikisika karibu na mabwawa madogo ya matope, ambako walikuja kunywa. Majengo aliyaacha mpaka mwisho, jua likishaelekea Kongo na kuzipiga kuta za mlima wetu moja kwa moja. Alipenda madirisha yenye nondo zilizopindwa, nguzo za baraza, milango ya mbao iliyopigwa rangi juu ya rangi. Daraja la mpakani hakulipiga kamwe. Askari alimwambia mara moja asielekeze kamera kule, na mara moja ilitosha.

Watu hawakumwelewa. Nakumbuka jirani mmoja aliyekuwa akibeba ndizi begani akasimama kumtazama Maman amepiga magoti mbele ya kichaka.

"Maman Aline, uko unapiga picha ya nini?"

"Ya ua."

"Na muntu iko wapi?"

"Hakuna muntu. Ni ua tu."

"Banakulipa?"

"Hapana. Nafurahia tu."

Jirani aliweka ndizi chini ili acheke vizuri. "Muntu anaacha kupiga batoto yake, anapiga panzi!"

"Ni kipepeo," Maman alisema, bila kuinua jicho kutoka kwenye kamera.

Kwa watu wa umri wa wazazi wangu, picha ilikuwa ya mtu. Ulivaa nguo ya kanisani, ukapaka mafuta, ukaenda studio, ukasimama mbele ya pazia lenye maporomoko ya maji yaliyochorwa. Kupiga picha ya kitu kisicho na uso kulikuwa kama kumwaga chakula. Lakini kulikuwa na sababu nyingine, na hiyo ilikuwa ya kwetu hasa. Muda mfupi kabla ya Maman kununua kamera, wathamini wa fidia walikuja kwenye kilima cha jirani kwa ajili ya barabara iliyotarajiwa kupanuliwa. Walipita nyumba kwa nyumba. Kila mwenye nyumba aliambiwa asimame mbele ya mlango wake, ashike kitambulisho kifuani, atazame kamera. Mtu, kadi, nyumba, vyote katika picha moja. Habari ilifika Mururu siku hiyohiyo: nyumba inapigwa picha pamoja na mwenyewe, na asiyepigwa picha hana nyumba.

Basi Maman alipoinua kamera mbele ya ukuta wowote, mlango ulifunguka. Mtu alitoka akijifuta mikono, akachomoa kitambulisho, akasimama wima kama mbele ya bendera. Bibi mmoja alishika cha kwake juu chini. Mzee mmoja alitoka na mkewe, wajukuu na mbuzi, akawapanga kwa urefu. Maman alieleza kila mahali kwamba yeye si mthamini, anauza dawa, wote wanamjua. Walisema ndiyo, tunajua, halafu hawakusogea. Mwishowe aliwapiga picha hivyohivyo, akawashukuru, akasubiri warudi ndani, ndipo akapiga ile aliyoitaka.

Mimi nilikuwa mtoto na niliyapanga mambo haya kichwani kwa namna yangu. Nilielewa kwamba kitu kikipigwa picha peke yake kinabaki bila mwenyewe, na yeyote anaweza kukichukua. Nyumba zilikuwa na watu wa kuzisimamia, lakini maua hayakuwa na mtu. Kwa hiyo Maman alipopiga picha ya ua nililolipenda, nilichukua kadi yangu ya shule nikasimama karibu nalo, nimeshikilia kadi kifuani. Maman alifikiri nacheza. Nilikuwa na imani nyingine pia: kwamba kamera inaona kila ninachokiona mimi. Sikujua kwamba ina ukingo. Kama nilisimama hatua moja pembeni, niliamini nimo.

Maman Riziki aliamini hivyohivyo, na yeye alikuwa mtu mzima.

Nyumba yake ilikuwa chini kidogo ya yetu, kando ya barabara. Aliishi humo na mtoto wake mmoja, Riziki, ambaye baadaye aliolewa Bugarama. Mume wa Maman Riziki alikuwa amevuka kwenda Bukavu kufanya biashara kabla sisi hatujahamia Mururu, na hakurudi wala hakutuma neno. Hawakuwa wamefunga ndoa ya serikali, na ardhi ilikuwa ya ukoo wa mume. Majirani wa pande zote tatu walikuwa wa ukoo huo. Upande wa nne ulikuwa barabara. Alichokuwa nacho kinachoonekana ni bustani: kana nyekundu na za manjano zilizopangwa kutoka barabarani hadi mlangoni, ndefu kunizidi. Maman alizipenda kuliko maua yote ya kilima.

Jumapili ile kipepeo mweusi mwenye mikanda ya buluu alitua kwenye kana iliyo karibu na mlango akafungua mabawa yote. Maman aliinua kamera. Wakati huohuo Maman Riziki akatoka, akafunga mlango nyuma yake vizuri, akasimama katikati ya njia na kitambulisho kifuani.

"Maman Riziki," mama yangu alinong'ona, "sogea kidogo. Ua lionekane."

"Wapi?"

"Kulia. Kidogo tena. Aksanti."

Alisogea. Lakini hakushusha kitambulisho. Alibaki pale pembeni, shingo imenyooka, macho kwenye kamera, mpaka aliposikia mlio. Kisha akauliza, "Imeingia?"

"Imeingia," Maman alisema, akimaanisha kipepeo.

Mwaka ule au uliofuata, Gaspard, mdogo wa mume wa Maman Riziki, aliondoa vigae vya nyumba ile, akaweka mabati. Vigae vilikuwa vinavuja na Maman Riziki alifurahi. Aliwapikia mafundi maharage na ugali siku zote za kazi. Mimi mwenyewe nilimbebea maji. Halafu maneno ya barabara yakafika kwetu, na Gaspard akasema kwamba nyumba ni yake. Maelezo yake yalikuwa mafupi na yaliyonyooka. Kaka yake alipoondoka, nyumba ilibaki tupu. Yeye akaitengeneza. Baada ya kuweka mabati akamwonea huruma shemeji yake, aliyekuwa akihangaika huku na huko na mtoto, akampa pa kulala. Sasa anaihitaji.

Maman Riziki alisema hajawahi kuhama nyumba ile tangu alipoletwa humo akiwa bibi harusi. Majirani wa pande tatu walipoulizwa walisema ni zamani, hawakumbuki vizuri. Mama yangu alisema anakumbuka, lakini Gaspard alijibu kwamba Maman Aline na Maman Riziki wanachota maji pamoja na kusali pamoja, angesema nini kingine? Hapo ndipo Maman Riziki akawaambia wapatanishi, wale wazee waliochaguliwa kusikiliza magomvi kabla hayajafika mahakamani, kwamba ana picha.

"Niko nasimama mbele ya nyumba," aliwaambia. "Na kitambulisho. Na vigae viko juu, mabati haijakuja bado."

Wakampa muda ailete. Akaja kwetu moja kwa moja, akiwa bado na viatu alivyoendea kwa wapatanishi, na akaomba maji kabla ya kueleza. Maman alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akaleta kamera, akatafuta, akamgeuzia kioo kidogo cha nyuma.

Maman Riziki aliinama. Akatazama muda mrefu.

"Hii ni ya siku ingine," alisema.

"Ni ya siku ile."

"Mi niko wapi?"

"Ulikuwa pembeni. Hapa," na Maman akaweka kidole hewani, nje ya kamera, kando ya kioo.

"Lakini nilikuwaka pale! Nilisimama! Uliniambia imeingia!"

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yao na nilishangaa kuliko wote wawili, kwa sababu siku ile nilimwona kwa macho yangu, na kamera ilikuwa imeelekea huko huko. Nilikichungulia kioo kile kutoka chini, kutoka upande, nikijaribu kuona nyuma ya ukingo wake, kama unavyochungulia dirishani kuona aliyejificha kando ya ukuta.

Hapo Maman akaikuza picha na kuishusha mpaka chini. Kwenye udongo wa njia, kona ya kulia, kulikuwa na kivuli cha mtu: bega, kichwa kilichofungwa kitambaa, kiwiko kilichokunjwa kuelekea kifuani.

"Huyu ni wewe," alisema.

"Kivuli," Maman Riziki akasema, kama mtu aliyeomba nguo akapewa uzi.

Siku ya wapatanishi nilikwenda na Maman na Maman Riziki. Mabenchi yalikuwa nje ya ofisi ya kijiji, kwenye nyasi. Picha, iliyochapwa Kamembe kwenye karatasi inayong'aa, ilipita kutoka mkono hadi mkono, ikageuzwa kama nilivyosema, ikarudi kwa mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Muntu iko wapi?" aliuliza.

Maman alisimama. "Mzee, alikuwa pale. Mimi ndiye niliyemwambia asogee."

"Juu ya nini?"

"Ili ua lionekane."

Mabenchi yote yalicheka. Mwenyekiti alisubiri, kisha akauliza taratibu, kama anayetaka kuelewa kweli, "Ulitoa muntu mbele ya nyumba yake juu ya ua?"

"Ua na kipepeo," Maman alisema.

Walicheka tena. Maman Riziki aliangalia mikono yake.

Gaspard alikuwa mtu wa sauti ya upole, na hilo lilimsaidia. Aliomba ashike picha. "Wazee, muko munaona benyewe," alisema. "Mlango umefungwa. Hakuna moshi. Hakuna kuku. Hakuna muntu. Vigae viko juu, ndiyo, sikatai. Ni vile nilisema: nyumba ilikuwa bure, tupu. Na aliyepiga picha si rafiki yangu, ni rafiki yake."

Nilimwona Maman akifumba macho. Picha yake nzuri kuliko zote ilikuwa imehamia upande wa Gaspard.

"Kuna kivuli," alisema. "Angalieni chini, kulia. Mkono umeinuka hivi."

Picha ikazunguka tena. Safari hii wazee waliisogeza karibu na pua.

"Kivuli hakina jina," Gaspard alisema. "Hata mimi niko na kivuli."

"Kilete kitambulisho!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma.

Mwenyekiti hakucheka. Alimwambia Maman Riziki aende asimame kwenye sehemu isiyo na nyasi, jua nyuma yake, na ashike kitambulisho kama siku ile. Akaenda. Wapatanishi wote walitoka kwenye mabenchi wakazunguka kivuli chake, picha mkononi, wakilinganisha bega kwa bega na kiwiko kwa kiwiko. Mmoja alimwambia anyooshe shingo. Mwingine alichuchumaa. Wakakubaliana kwamba kinafanana. Basi Gaspard akamwita mkewe, mwanamke wa kimo kilekile, akamwambia asimame hapohapo, mkono kifuani. Alisimama kwa aibu, akatazama kando. Kivuli chake kilifanana vilevile.

Uamuzi ulikuwa kwamba hakuna uamuzi. Maman Riziki asifukuzwe, lakini asijenge, asiuze, asipande mti. Gaspard asiiguse nyumba. Mwenye nyumba halisi ni yule aliyevuka mto, na hakuna aliyeleta habari ya kifo chake. "Akikuja, atasema mwenyewe nani alikuwa ndani," mwenyekiti alisema. "Ama kukuje habari ya kweli kwamba hayupo."

Nikiwa mtoto nilidhani huo ni ushindi, kwa sababu jioni ile Maman Riziki alirudi kulala palepale. Yeye mwenyewe hakuonekana kama aliyeshinda. Aliendelea kumwagilia kana zake, na mama yangu aliendelea kuzipiga picha. Hawakugombana. Mara moja tu, Maman akiwa amepiga magoti kwenye njia, nilimsikia Maman Riziki akimwambia kutoka mlangoni, "Leo nisogee ama nibaki?" Maman akasema, "Baki." Akampiga hapo alipokuwa, na kopo la kumwagilia mkononi. Picha hiyo haina faida kwa mtu yeyote, maana juu yake kuna mabati.

Mumewe hakuja. Barabara nayo haijaja. Ila habari ilikuja, ya nusu. Binamu wa Maman anayekaa Bukavu alisema kuna mtu anauza mabeseni ya plastiki kwenye soko moja kule, jina ni lile la mume wa Maman Riziki, kilima anachosema alizaliwa ni chetu, umri unalingana. Ana mke na watoto wakubwa. Maman Riziki alisikiliza habari hiyo ameketi kwenye kiti chetu cha baraza, akasema aksanti, akarudi kupalilia maharage.

Akatafuta karatasi ya kuvuka mpaka. Hakuvuka. Kwanza ilikuwa mvua, kisha goti, kisha mavuno. Maman alipomuuliza waziwazi, alijibu waziwazi.

"Kama si yeye, nitabaki vile niko. Kama ni yeye, atasema neno moja, na nyumba itakuwa yangu mbele ya batu bote. Ama atasema, ah, kumbe iko ingali pale? Na atarudi na bibi yake. Unaona?"

"Naona," Maman alisema.

"Sasa niende kutafuta gani kati ya hizo?"

Maman alikwenda yeye, siku aliyokuwa na shughuli zake kule. Hakumwambia mtu. Nimeipata picha ya siku hiyo kwenye kadi ya mwisho, baada ya vipepeo na nguzo za baraza na ua la boga lenye umande. Alinieleza jinsi ilivyokuwa. Alifika kwenye meza ya yule mtu na hakuuliza lolote kuhusu Mururu. Alisema tu anapenda rangi za mabeseni yale, je, anaweza kuyapiga picha? Mwuzaji akasema hakuna shida. Maman alipoinua kamera, yule mtu alichukua beseni la buluu, akazunguka meza, akasimama katikati mbele ya bidhaa zake, wima, akitazama kamera. Maman hakumwomba asogee.

Ni mtu wa makamo mwenye kofia, sikio moja limekaa chini kidogo ya lingine. Anatabasamu kidogo, kwa heshima. Mimi na Maman hatujawahi kumwona mume wa Maman Riziki, naye mkewe hakuwahi kuwa na picha yake. Gaspard angemtambua mara moja. Gaspard hajui kwamba picha hii ipo.

Maman Riziki alionyeshwa barazani kwetu. Aliishika kamera kwa mikono miwili, akaomba ikuzwe, akatazama uso, akatazama masikio, akaomba ishushwe, akatazama vidole vilivyoshika beseni. Mama yangu alikuwa ameketi mbele yake na hakumhimiza. Mwishowe alirudisha kamera.

"Maman Aline," alisema, "weka kwanza."

Huo ni muda mrefu sasa. Amekuja tena mara nyingi kuomba aione. Wiki hii, nilipomwambia nimeihamishia kwenye simu na inaonekana vizuri zaidi, alikuja Jumamosi, akavua viatu, akakaa, akaikuza mwenyewe kwa vidole viwili jinsi nilivyomwelekeza. Aliniuliza kama mabeseni ya buluu kama lile yanapatikana Kamembe. Nikamwambia yanapatikana. Akanywa chai, akaaga, akashuka njia ya kwake. Hajasema kwamba ni yeye. Hajasema kwamba si yeye.